Sauti Uliyompa Mama Bata

Mpendwa Anko Kiprono,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, kwa hivyo usijipe moyo sana. Ungekuwa karibu ningekuja nikuambie haya nikiwa nimesimama mlangoni pako, lakini uko Nairobi na suti zako za uemsii wa harusi, na simu zangu siku hizi hushiki. Basi nimeandika, na nimeandika wazi, ili wote waliowahi kukaa kwenye zile benchi za ukumbi wako wa video pale mtaa wa Pioneer, Eldoret, wasome pia. Ulichomfanyia Mama ulikifanya mbele ya watu. Sioni kwa nini mimi nikujibu kwa siri.

Nianze na ule ujumbe wa sauti uliotuma kwa grupu ya familia. Ulisema umefurahi kusikia kwamba watu wa kina Wekesa wanakuja kwetu Cheptiret mwezi wa kumi na mbili kwa koito yangu, kuniposa mbele ya wazee. Asante. Ulisema wazee wa upande wa marehemu Baba wataongea yao. Sawa. Halafu ukasema upande wa Mama utaongea wewe, kwa sababu wewe ndiye mjomba, na kwa sababu, maneno yako mwenyewe, "nyinyi wote mnamjua dada yangu na mambo ya kuongea, ama mnataka wa-wa-wa-wageni wa-wa-walale huku?" Watu kumi na mmoja wakaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mama yuko kwa hiyo grupu, Anko. Yuko huko tangu siku ilipofunguliwa. Ni vile alikuwa hajawahi kutuma neno hata moja, ndiyo maana mlimsahau.

Sasa uelewe mapema ninachotaka, usije ukasema nimekuzungusha. Sitaki uongee siku yangu. Nataka mama yangu aongee. Yeye ndiye aliyenizaa, yeye ndiye aliyenilea kwa chapati alizouza kibandani, na kama kuna mtu wa kuwaambia watu wa kina Wekesa mimi ni nani, ni yeye.

Lakini si hilo tu lililonifanya nishike kalamu. Nilirudia kusikiliza hiyo wa-wa-wa yako mara nne, tano, nikajua kuna kitu hakiko sawa. Mama hakwami hivyo. Wewe umeishi na yeye, unajua. Mama akikwama hufunga macho, anashika chochote kilicho karibu, mwiko au kona ya meza, anangoja, na neno linatoka. Hapigi kelele kama pikipiki inayokataa kuwaka. Hiyo sauti ya kwako haikuwa ya Mama hata kidogo. Ilikuwa ya Mama Bata.

Unakumbuka, si ndiyo? Wengi hawajui, kwa hivyo wacha niwaambie. Ulikuwa na ukumbi wa video nyuma ya ile buchari, mabati pande zote, magunia yametundikwa dirishani kuzuia mwanga. Wewe ulikalia kreti ya soda karibu na televisheni, maiki imefungwa kwa raba kwenye spika ya gari. Kanda zilikuja bila makasha, sinema za nchi za mbali, lugha ambazo hapa Eldoret hakuna aliyezijua. Ulizima sauti ya wenyewe ukaweka ya kwako. Ulijiita DJ Kobole. Jumapili watu wakitoka kanisani walikuja moja kwa moja na Biblia zao mkononi, na sisi watoto tukakaa chini mbele kabisa, shingo zimepinda.

Na kati ya kanda zote, watu walipenda moja. Mjane ana hoteli ndogo ya supu na bata arobaini. Mwizi anakimbizwa na polisi, anaingia jikoni kwa huyo mjane na kujifanya mpishi, na hata kuwasha jiko hajui. Landilodi mwenye nywele za bandia anataka kumnyang'anya mjane hoteli. Bata mmoja amemeza ufunguo wa sanduku la huyo landilodi, na sinema nzima watu wanamtafuta bata mmoja kati ya arobaini wanaofanana. Kuna askari anayepiga chafya kila akikaribia manyoya, kwa hivyo hawezi kukamata mtu yeyote. Kuna bata anataga ndani ya nywele za landilodi akiwa amezivaa, naye anatembea polepole siku nzima asije akalipasua yai. Sijawahi kuona upuzi mtamu kama ule.

Na wewe ulikuwa na kipaji, sitakunyima hilo. Bata uliwapa majina ya miji ya kwetu. "Huyu ni Turbo, yule ni Moiben, na yule mnene anayetembea akijisikia ni Kapsabet, watu wa Kapsabet mtanisamehe." Landilodi alikuwa anaongea kwa pua kama mwalimu mkuu wetu. Mwizi alikuwa anaongea kama wewe mwenyewe, kijana mjanja wa mtaa, na watu walimpenda. Halafu anaingia mjane, anafungua mdomo, na wewe kwenye maiki, "Ni-ni-ni-nani ame-me-me-meiba ba-ba-ba-bata?" Ukumbi ulikuwa unaanguka. Watu walijipiga mapaja. Kanda yenyewe ilikuwa imechakaa, picha inarukaruka, na tulivyoona midomo ya yule mama inaruka tukaamini ndicho kigugumizi chenyewe.

Jioni ulirudi kulala kwetu, kwa ile kochi. Nitawakumbusha watu hilo pia, kwa sababu kwa mahojiano yako ya redio husema ulijilea mwenyewe. Mama yenu alipofariki ulikuwa darasa la nne. Dada yako aliacha shule akiwa amebakisha mwaka mmoja, akaolewa, akakubeba pamoja na sanduku lake la nguo. Baba hakulalamika. Baba alipofariki bado ulikuwa kwa kochi. Ulikula chapati na maharagwe, madondo ya Mama, asubuhi, ulikula ugali na mboga za isagek jioni, na katikati ya hivyo vyakula viwili ulienda kazini kumchekesha mtaa kwa mdomo wa aliyekupikia.

Hapa lazima niseme langu, kwa sababu nikilificha utalitoa wewe. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa mbele kabisa, na nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Tena kuna kitu kibaya zaidi. Nilikuwa nakuletea habari. Mama alikuwa amenihadithia vile alinipeleka kliniki nikiwa mchanga, nesi akamuuliza jina la mtoto, na Mama akaanza, akakwama pale mwanzoni mwa Jeruto. Nyuma kulikuwa na foleni. Nesi akachoka kungoja akaandika Jane. Mama alinihadithia akicheka kidogo, kama mtu anayehadithia mtoto wake kitu cha wao wawili. Mimi nikakukimbilia na hiyo hadithi. Jumapili iliyofuata, yule mjane alienda ofisi ya serikali kuandikisha bata, akashindwa kutaja jina, na karani akaandika kuku. Ulinipa peremende mbili. Nilizila.

Kwa hivyo nikisema nina hasira, ujue si yako peke yako. Lakini mimi nilikuwa mtoto na wewe ulikuwa na ndevu.

Basi jina likashika. Watoto wakaanza kumwita Mama Bata. Wanaume wazima walikuja kibandani asubuhi, watu wa kazi, wa mjengo na wa karakana, wakaagiza "cha-cha-cha-chapati" halafu wakatazamana. Mama alikuwa na sauti nzuri ya kuita wateja, kwa sababu akiita kwa kuimba hakukwama kabisa. Aliacha kuita. Aliandika bei kwenye kipande cha katoni akakitundika, na ukiuliza kitu alikionyesha kwa kidole. Kanisani, kina mama walikuwa wakimpa maombi ya kufunga mkutano, na wote walimngoja vizuri tu, miaka mingi, mpaka siku moja msichana mmoja wa kwaya akacheka na kujiziba mdomo. Mama alimaliza maombi. Hakuomba tena kwa sauti mbele ya watu. Mikutano ya wazazi shuleni nilienda naye kama mdomo wake, ananinong'onezea, mimi nasema. Nilikua nikijua kwamba hiyo ni kazi ya mtoto wa kwanza, kama kuchota maji.

Alikuja ukumbini mara moja. Unajua ni siku gani. Alisimama mlangoni na unga mikononi, sijui nani alikuwa amemwambia. Ilikuwa ile sehemu ya mwisho, mjane yuko kortini mbele ya hakimu, na wewe ulikuwa umefika kilele, dakika nne nzima neno moja, "ba-ba-ba-ba," na watu wanakohoa kwa kicheko. Mtu mmoja akageuka akamwona. Halafu wote wakageuka. Wewe uliendelea, Anko. Uliona ni yeye na ukaendelea, kwa sababu kicheko kilikuwa kimezidi na hukutaka kukipoteza.

Ile jioni ulikuja kula kama kawaida. Maneno ya Mama nitayaandika mazima, bila kuonyesha alipokwama, kwa sababu hayo wewe umeshatangaza vya kutosha. Alikuwekea sahani. Akakuuliza, "Kiprono, yule ni mimi?"

Ukasema, na mdomo umejaa, "Dada, mimi natafsiri tu. Yule mama huko kwao anaongea hivyo. Sinema ilitengenezwa hivyo, sasa mimi ningefanya nini?"

Mama alikuangalia. Akafikiria. Halafu akasema, "Maskini. Kumbe hata huko." Akakuongezea mboga.

Alikuamini kabisa. Usiku ule, wakati wa maombi yetu ya kulala, alimtaja yule mama wa sinema. Alimwombea Mungu amfungue ulimi. Na hakukoma hapo. Nimelala chumba kimoja na Mama mpaka nikaenda sekondari, na nakuambia alimwombea yule mwanamke wa nchi ya mbali ambaye hata jina lake hakulijua, miaka mingi, katikati ya wagonjwa na watu wa safari. Wakati huo ulikuwa umelala kwa kochi umeshiba.

Miaka imepita. Video ziliisha, ukaenda Nairobi, ukawa emsii wa harusi. Mama alihamia shamba Cheptiret, ana ng'ombe watatu na viazi, na kule watu humwita Mama Jeruto na humjua kama mtu mkimya. Mimi nimebaki Pioneer, nafanya kazi kwa duka la dawa za mifugo mjini. Ningeweza kuiacha hii habari ioze. Ungekuwa umenyamaza kwa grupu, ningeiacha.

Nilipomwambia Wekesa kuhusu Mama Bata, hakucheka. Yeye ni fundi wa kompyuta, watu wake ni wa Bungoma, na ana tabia ya kutaka kuona kitu kwa macho yake kabla ya kukubali kimeharibika. Akaniuliza, "Hiyo sinema iko wapi?" Nikamwambia kanda ilikatika zamani. Akaniuliza tena kuhusu bata, nywele za landilodi, askari wa chafya, akaandika yote kwenye karatasi. Siku ya tano akanipigia simu kazini. "Jeruto, nimempata mama yako wa bata. Sinema wameisafisha, picha haitikisiki, na chini kuna maandishi ya Kiingereza."

Tuliitazama Jumapili, saa nane mchana, kwa nyumba yangu. Nilikuwa nimepika chai ya kutosha. Nilitaka kukuchukia kwa raha, Anko, nikikumbuka kila utani uliouweka. Na mwanzo nilicheka, nakuambia ukweli. Bata walipoingia hotelini kwa mstari nilisema kwa sauti, "Turbo, Moiben, yule ni Kapsabet," na Wekesa akaniangalia kana kwamba nina homa. Upuzi ni ule ule. Chafya ni ile ile. Nilifurahi kama mtoto kwa dakika kumi hivi.

Halafu yule mama akaingia, akafungua mdomo.

Anko, yule mama hana kigugumizi.

Hana hata chembe. Anaongea haraka kuliko dalali wa mnada wa ng'ombe. Maandishi ya chini yalikuwa yanashindwa kumfuata. Anamtukana landilodi kwa sentensi ndefu zinazopanda na kushuka, anabembeleza bata, anapiga bei sokoni mpaka muuza vitunguu anatoa leso anajipangusa uso. Huko kwao anapendwa kwa sababu ya ule mdomo. Sinema nzima imejengwa juu ya ulimi wake, na wewe uliukata ukapachika wa dada yako.

Nilimwambia Wekesa arudishe mwanzo. Nikafikiri labda ni sinema nyingine. Akarudisha. Ni yeye. Ile gauni yenye maua, kile kijiko anachokwangulia sufuria, ni yeye. Tulipofika kortini, pale ulipokuwa ukisema "ba-ba-ba" dakika nne, niliona anachosema kweli. Anamwambia hakimu kwamba yeye alimtambua mwizi siku ile ile ya kwanza. Alimwona ameshika kisu upande usiokata. Lakini mwizi alikuwa na njaa, na jiko ni la kulisha watu, kwa hivyo alimwacha akae. Anasema, mtu anayekula kwangu kila siku akidhani sijui yeye ni nani, huyo ndiye mpumbavu, si mimi. Hakimu anasimama kumpigia makofi. Landilodi anapoteza kesi, anapoteza hoteli na nywele, na mwizi anainama mpaka paji lake linagusa sakafu.

Nilitoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Wekesa aliniacha nifue.

Ulijua. Hilo ndilo linaniwasha. Lugha hukujua, sawa, lakini masikio ulikuwa nayo. Kabla ya kuzima sauti ulikuwa unaitazama kanda peke yako Ijumaa ili upange maneno. Ulimsikia yule mama akimwaga maneno kama anamwaga mahindi, halafu ukaamua. Na Mama alipokuuliza uso kwa uso, ulikuwa na nafasi ya kusema "Dada, nisamehe, nilikuwa natafuta kicheko." Badala yake ulimwambia kwamba dunia nzima inawacheka watu kama yeye, hata mahali hajafika, hata kwa lugha hajui. Uliona afadhali aamini hivyo kuliko wewe kukosa kuongezewa mboga.

Nilikuandalia kitu. Nilikopa maiki ya Wekesa nikakaa Jumamosi mbili, nikaitafsiri ile sinema upya kutoka mwanzo hadi mwisho. Mjane anaongea vile anaongea. Lakini mwizi nilimpa sauti yako. Ile ya kuvuta mate kabla ya kudanganya. Ile ya "dada, dada, niskize kwanza." Anavyokula akiongea. Anavyolala mchana kwa kochi ya watu. Nilimpa mpaka jina lako la hatari la utotoni, lile Mama na mimi tu tunalijua, la ule mwaka ulikuwa bado unakojoa kitandani darasa la tano. Ninajua kuiga, Anko. Nilifundishwa na mtu mwenye kipaji. Wekesa alicheka mpaka akatoka nje, na alikuwa ameahidi projekta. Mpango ulikuwa baada ya chakula, siku ya koito, wazee wameshiba, wageni wa Bungoma wamekaa, watoto wote wa familia wako mbele chini. Nilikuwa nimechagua hata ukuta.

Jumamosi iliyopita nikaenda Cheptiret kumwonyesha Mama kwanza. Nilianza na sinema yenyewe, bila sauti yangu. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakujua ninamwonyesha nini mpaka bata walipotokea, hapo akaacha kuchambua.

"Huyu ndiye yule?" akaniuliza, mjane alipoingia.

Nikasema ndiye.

Akatazama. Kiingereza cha pale chini alikisoma taratibu, midomo yake ikisogea, na mimi nikamsaidia alipoachwa. Hakucheka wala hakulia. Tulipofika kortini akaniambia, "Rudisha." Nikarudisha. Akaniambia tena, "Rudisha." Mara tatu alimwangalia yule mwanamke akiongea dakika nne bila kupumua. Halafu akasema, "Nimemwombea huyu mtu."

Nikamwambia najua.

"Mpaka juzi," akasema. "Nimemwombea mpaka juzi, na hana shida."

Ndipo nikamwekea ile yangu. Nilitaka afurahi, Anko. Nilitaka acheke mwizi akivuta mate kama wewe. Alisikiliza robo saa. Alitabasamu mara moja, pale kwa kochi. Kisha akaniambia nizime. Nikadhani atanihubiria, nikawa tayari kukasirika na yeye pia. Akasema, "Umemweza. Hiyo ni yako wewe na yeye. Yangu nitafanya kwa mdomo wangu." Akaniomba nimwonyeshe vile watu hushika kile kitufe cha simu wakituma sauti.

Uliusikia ujumbe wake. Najua uliusikia, simu ilituonyesha. Ulikuwa wa dakika sita na nusu. Alikwama mara nyingi, na hakufuta hata moja. Kulikuwa na mahali alinyamaza muda mrefu hadi unasikia ng'ombe nyuma, halafu akaendelea. Waliokuwa hawajafungua, alichosema ni hiki: "Kiprono, huyu ni dada yako. Jeruto ni mtoto wangu. Siku hiyo nitaongea mimi. Wewe ni mjomba, nafasi yako iko, hatukunyimi. Utakuja, utakaa, utakunywa maziwa ya mursik, na utanisikiliza. Nimeona yule mama. Anaongea vizuri sana."

Hakuna aliyeweka kikatuni. Wewe ulianza kuandika, ukafuta, ukaanza tena, ukafuta. Tulikaa na Mama tukiangalia yale maneno ya "anaandika" yakija na kupotea mpaka chai ikapoa. Sijawahi kunywa chai baridi tamu hivyo.

Kwa hivyo sinema yangu haitaonyeshwa, Mama amekataa. Lakini sijaifuta, uliweke hilo akilini ukiwa njiani. Iko kwa simu yangu na iko kwa Wekesa, na ukimsaidia Mama kumalizia hata neno moja, au ukikohoa mahali pasipo kikohozi, ukuta bado ninaujua.

Wekesa amewaambia watu wake kila kitu. Watu wa Bungoma wamesema hawana haraka, na mzee wao mmoja amesema wasipange kurudi jioni hiyo, watalala. Wazee wa upande wa Baba nao wamekubali. Unajua desturi yetu, mtu akiwa ameshika neno kwa koito hakuna wa kumkata wala wa kuinuka, hata akikaa kimya. Kiti chako kitakuwa mbele, kumkabili yeye, katikati ya wageni na wazee. Atawaambia mimi ni nani tangu nilipozaliwa, na nani aliyenilisha, na nani mwingine aliyekula pale nyumbani. Neno lake litakuwa refu. Akikwama, atafunga macho na kushika meza, na nyumba nzima itangoja, na wewe utakuwa ndani ya hiyo nyumba ukingoja neno la dada yako lifike, halafu lingine, halafu lingine.

Uje mapema.

Mimi, mtoto wa dada yako,
Jeruto.